Uwanja Ulioufagia Kwenye Karatasi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini mkono unakataa kuanza kukuandikia bila salamu. Ungekuwepo ungenirudisha mlangoni niingie upya, kama ulivyonifanya nilipokuwa mdogo na kiherehere.

Nimekaa kwenye baraza yako hapa Mwabungo, Alhamisi, baada ya alasiri. Sikio moja nimeliziba kwa pamba kwa sababu uwanja unatiwa kabro. Ndiyo, uwanja wetu huu huu. Mashine ya kushindilia ardhi inanguruma tangu asubuhi. Matofali yake ya kijivu yameanzia msikitini, yameupita mwarobaini, na Jumamosi yatafika mlangoni kwa mama. Usinielewe vibaya, sikuja kulalamika. Wewe mwenyewe uliwahi kuteleza hapo wakati wa masika ukaoga tope na kanzu yako ya Ijumaa, na ukakasirika siku nzima kwa sababu nilicheka. Kabro ni jambo jema. Ila mchanga ukishafunikwa hakuna tena wa kuufagia mistari.

Kwa ajili ya kabro hiyo, mwanao Hamisi amekuja kutoka Mombasa. Akaniambia wanakijiji wanaiomba ile picha yako ya uwanja waitundike kwenye chumba cha mikutano, watoto wapate kuona palivyokuwa. Nikamwambia itatoka. Kuna jambo nililifanya kwenye picha ile, Mjomba, nikakuficha miaka miwili ukiwa hai na mwaka mwingine mzima tangu ututoke. Leo nalisema. Niruhusu tu nianzie mbali kidogo, maana unanijua, sifiki mahali bila kuzunguka.

Nilikuwa na miaka tisa, na ilikuwa zamu ya mama kufagia. Unakumbuka Ijumaa zetu. Uwanja ulifagiwa mapema, watu wakisharudi majumbani baada ya sala ya alfajiri, na aliyefagia alikwenda kinyumenyume ili asiache nyayo pale alipokwisha kupita. Mama alianzia msikitini akarudi nyuma, ufagio wake ukinong'ona na mchanga, akazunguka kisima, akapita chini ya mwarobaini, mpaka visigino vyake vikagusa kizingiti cha mlango wake. Hapo akavuta mkono wa mwisho akaingia ndani. Uwanja ukabaki mistari mitupu, yote imelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa na kupakwa mafuta. Sisi watoto tulikatazwa kukanyaga mpaka mtu mzima wa kwanza apite. Tulikaa barazani tukining'iniza miguu, tukiutazama ule mchanga kwa uchu.

Ukatoka na ubao wako kwapani. Watu walikujua kwa uashi, nusu ya kuta za Mwabungo zimepita mikononi mwako, na kuchora walikuhesabia kama ugonjwa mdogo usiodhuru mtu. Karatasi yako haikutoka dukani. Ulichukua tabaka la ndani la mfuko wa saruji, ukaligandisha kwenye ubao, ukalipaka chokaa yenye gundi kidogo, sawasawa na mtu anayepaka ukuta. Kisha, chokaa ikiwa bado mbichi, ukafanya jambo lililonichekesha nusura nianguke barazani. Ukafunga chelewa tatu za ufagio kwa uzi, ukaanza kuifagia karatasi. Nayo uliifagia kinyumenyume.

"Mjomba, wafagia nini hapo na hapana kitu?"

"Nafagia uwanja. Mamako ameshafagia wake, nami niache nifagie wangu."

Ilikuchukua Ijumaa nne. Jua la saa ile halikai, na wewe hukutaka kuchora jua la kukumbuka. Lilitoka upande wa baharini, likapenya kati ya nyumba mbili, likalala chini kabisa juu ya mchanga, na kabla hujamaliza kikombe cha chai lilikuwa limepanda juu na mistari imepotea. Ulichora mbiombio kwa vijiti vya mlimau ulivyovichoma mwenyewe jikoni mpaka vikawa makaa. Paa la makuti ulilisugua kwa kipande cha kumbi la nazi. Kivuli cha mwarobaini ulikisambaza kwa kidole gumba. Palipotiwa makaa kwa bahati mbaya ulipagusa kwa chembe ya mkate wa boflo, nayo ikayanyonya, kisha ukaila ile boflo nilipogeuka, na nilipokuuliza ukakana.

Nilipoona umekaribia kumaliza, nikakunyooshea kidole mlangoni kwa mama. Palikuwa peupe, kipande kama upana wa kiganja changu cha wakati ule.

"Hapa umesahau kupaka."

"Hapo pana jua."

"Basi lichore."

"Jua silichori mimi. Naliachia nafasi lipite."

"Na watu wako wapi? Picha gani haina hata kuku?"

"Mtu yumo. Ameingia ndani sasa hivi."

Nikaona unanichezea. Nikakimbia kwa mama kukushtaki, kwamba Mjomba amechora uwanja mzima akasahau watu. Mama akatoka akijifuta mikono kwa leso, akaangalia. Aliangalia kwa muda mpaka nikachoka. Halafu akaweka kidole hewani juu ya kile kipande cheupe, bila kukigusa, akasema, "Hapo ndipo nilipoishia." Wewe ukaitikia kwa kichwa, ukaanza kukusanya makaa yako. Mimi nikabaki nikiwaangalia nyote wawili nisielewe mnafurahia nini.

Miaka miwili baadaye mama akatutoka. Sitaandika mengi juu ya siku ile, ulikuwepo. Nitasema tu kwamba matanga yalipoisha hukuniuliza kama nataka kwenda kwako. Ulibeba godoro langu kichwani ukavuka nalo uwanja, na ulipoona nimesimama ukasema, "Twende, mtoto wa dada." Tangu siku ile sikupata kujua maana ya kukosa kwao.

Picha ukaitundika sebuleni, nami nikakua chini yake bila kuiangalia. Nasema kweli yangu. Niliizoea kama mtu anavyozoea saa ya ukutani iliyosimama. Wageni waliisifu, nami nikaenda kutengeneza chai. Nikamaliza shule, nikapata kazi ya udobi hotelini Diani, na huko nikawa hodari wa jambo moja. Doa likiingia kwenye shuka jeupe, liwe la mvinyo, la damu au la mafuta ya kujipaka, lilete kwangu. Hata wasimamizi waliotoka bara na kujifanya wanajua kila kitu waliniletea yaliyowashinda. Nilianza kuona madoa hata kwenye ndoto. Hapo ndipo yaliponipata ya kunipata.

Macho yako yalikuwa yameshakwenda. Presha ya macho, walisema hospitalini Msambweni, na tulikuwa tumechelewa. Ukaniuliza tu kama tutawahi gari la saa nane. Miezi michache baadaye Hamisi akaleta habari kwamba anaoa, na wageni wangefikia hapa. Nikavamia nyumba kwa sabuni na maji. Nikafua mapazia, nikasugua sakafu, nikapanda kwenye kigoda na tambara bichi mkononi, nikaona picha yako imeshika vumbi. Vumbi, kwa mtu kama mimi! Sikufikiri. Nikapitisha tambara mara moja, pale pale palipokuwa peupe, kwa sababu peupe ndipo uchafu ulipoonekana.

Ilitosha mara ile moja. Makaa ya pembeni yalishuka na maji yakaingia kwenye jua la mlangoni kwa mama. Nilipoondoa mkono palikuwa peusi kama chini ya sufuria.

Wewe ulikuwa chumba cha pili, na kikombe chako cha chai ya tangawizi.

"Wafanya nini huko, mbona umenyamaza ghafla?"

"Napangusa vumbi, Mjomba."

"Picha usiiguse."

"Siigusi."

Neno hilo nimelibeba, Mjomba. Siigusi. Na tambara bado lilikuwa mkononi linadondosha maji meusi kwenye sakafu niliyotoka kuisugua.

Nilidhani yataishia hapo, kwani nani angejua? Wageni walikuja wakaenda. Kumbe ulikuwa unangoja nyumba itulie. Wiki ile ile, baada ya alasiri, ulikaa barazani ukaniita. "Nitolee picha yangu. Nisomee."

Nikakuwekea ubao mapajani, nikakaa kando yako, nikaanza kusoma kama mtu aliyetumwa sokoni. Nyumba, mti, kisima, msikiti. Ukanikatiza.

"Hayo nayajua, niliyatia mimi. Niambie jua limepita wapi."

Ilibidi niangalie, na nadhani siku ile ndiyo ya kwanza kuiangalia picha yako tangu nizaliwe. Nikakuambia limegusa ukuta wa msikiti kwa ubavu. Ukauliza ukuta ule ni laini au unakwaruza. Nikasema unakwaruza. "Wajuaje, nawe hujaugusa?" Nikatafuta nimejuaje. Nikaona kwamba kila jiwe la matumbawe lililotokeza kwenye plasta iliyobanduka umelipa kivuli chake kidogo, upande wa pili wa jua, kivuli kisichozidi punje ya mchele, na vivuli vile vyote pamoja ndivyo vilivyonifanya nihisi ukali wa mawe kwenye kiganja. Nilipokueleza hivyo ulicheka mpaka ukakohoa. "Lo! Mtoto wa dada amefungua macho."

Kuanzia hapo ikawa kazi yetu ya kila siku niliyokuwa nyumbani. Nilijifunza kwako uwanja ninaoishi ndani yake. Nilikusomea ukingo wa kisima ulivyo laini pale kamba ilipopita miaka mingi, na unavyorudi kuwa wa kukwaruza pembeni. Nilikusomea makuti yalivyotimka nywele kwenye ncha ambapo jua limeyapata, na yalivyolala kimya kivulini. Nilikusomea mistari ya chelewa kwenye chokaa, inavyoonekana tu pale mwanga ulipoikuta kwa mshazari, na inavyozama palipo na giza. Hata kazini nikaharibika. Asubuhi moja nilisimama mbele ya shuka kwenye kamba, nikiangalia jua linavyopita kwenye uzi wake, mpaka mwenzangu mmoja wa kutoka Kitui akaniuliza, "Wee, unaona movie hapo ama nini?"

Lakini kila siku, tukimaliza, uliuliza swali lile lile.

"Na mlangoni kwa dada? Jua bado lipo?"

"Lipo, Mjomba."

Ulinyoosha kidole ukakiweka pale. Uliujua ubao ule kwa vipimo vya mwashi, upana wa vidole vitatu kutoka ukingoni, viwili kutoka chini, hukukosea hata siku moja. Ulipapasa polepole, nawe hukupapasa mahali pengine popote. Na ulipoondoa kidole, ncha yake ilikuwa nyeusi. Nilikishika upesi nikakifuta kwa upindo wa leso yangu.

"Wanifuta nini?"

"Vumbi tu."

"Vumbi la siku hizi laini sana," ulisema siku moja, ukisugua kidole na gumba karibu na pua. Nilicheka cheko la kujilazimisha. Ukanipa ubao. "Haya, rudisha ndani. Kesho tena."

Kila siku ulisema hivyo, kesho tena. Miaka miwili. Hata ile wiki ya mwisho, ulipokuwa huwezi kukaa bila mito mgongoni, uliitaka picha, ukauliza, nikajibu, ukapapasa, nikakufuta. Unajua ni mara ngapi nilitaka kusema? Neno lilifika kwenye meno likarudi. Nilijiambia, mtu huyu hana tena jua la nje, ana lile moja tu la kwenye picha, nani mimi nimnyang'anye? Nilijidai nakuhurumia, na huku niliyekuwa namhurumia ni mimi.

Ulipokwenda, niliufunga ubao kwenye leso ya mama nikauweka juu ya kabati. Sikuufungua. Juzi Hamisi aliposema habari za chumba cha mikutano, niliubeba vile vile ulivyofungwa mpaka Ukunda, kwa kijana mmoja anayetengeneza fremu. Ni mtu wa Machakos, mkunjufu, ana kipaji cha kuzungumza. Ndiye aliyeifungua leso.

"Madam, hii picha ni kali. Nani alichora?"

"Mjomba wangu."

"Alikuwa artist?"

"Alikuwa mwashi."

Akapiga mluzi. Halafu akainama, akagusa hewa juu ya mlango wa mama. "Lakini hapa kuna doa. Si naweza itoa? Naipiga picha, naisafisha kwa kompyuta, naprinti ingine. Hakuna mtu atajua."

Hakuna mtu atajua. Maneno yangu yenyewe, yalitoka kwenye kinywa cha mgeni. Nilitaka kusema ndiyo. Mjomba, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini nikaona aibu kukubali lifutwe bila kuliangalia kosa langu, nikachukua ubao nikaenda nao mlangoni kwa duka, penye mwanga. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, na jua liliingia kwa mshazari kama ulivyolipenda.

Weusi haukuwepo. Nasema haukuwepo, ule nilioufanya mimi. Palipokuwa na doa kama chini ya sufuria palikuwa na alama za duara, ndogondogo, zimepandana, kila moja upana wa ncha ya kidole chako. Chokaa ilikuwa imerudi nyeupe kwenye migongo ya mistari, kila kidole chako kilipopita. Makaa yalibaki ndani ya mifereji tu, kule chini chelewa zilikopita, ambako kidole hakifiki. Hivyo mistari ya ufagio ilikuwa imesimama mlangoni kwa mama wazi kuliko mahali popote kwenye picha. Ulipokuwa umeacha jua tupu, sasa palikuwa na jua na mchanga chini yake, na mkono wa mwisho aliouvuta mama kabla ya kuingia.

Nikakaa kwenye ngazi ya duka la watu. Nilikumbuka kidole na gumba karibu na pua. Wewe uliyechoma vijiti vile mwenyewe, usijue harufu ya makaa yako? Wewe uliyeujua ukuta kwa kiganja, kidole kiteleze kwenye poda na usijue pametokea nini? Ulijua tangu siku ya kwanza. Hukunikaripia, wala hukuniuliza kwa nini nimekudanganya. Ulinyoosha kidole ukaanza kulipunguza doa, chembe baada ya chembe, na mimi nikakifuta kidole kila mara ili kesho kipate nafasi. Tuliifanya kazi ile pamoja miaka miwili na mmoja wetu tu ndiye aliyejua ni kazi gani.

Nililia, sitaficha. Kijana akaniletea maji, akaniuliza kama kuna mtu amefariki. Nikamwambia ndiyo, mwaka jana.

"Basi hiyo doa tunaitoa ama?"

"Usiiguse," nikamwambia, na nikaisikia sauti yako kwenye yangu. "Iache. Ina mwenyewe."

Ametengeneza fremu yenye kioo kilichoinuka kidogo, kisigusane na chokaa. Hamisi ameipenda. Nimemwomba aitundike ukuta wa dirishani, jua la asubuhi liwe linaikuta kwa ubavu, na amekubali bila kuniuliza sababu. Siku moja nitamwambia. Kwanza nilitaka ulisikie wewe. Niliigusa, Mjomba. Niligusa kwa tambara bichi, na nilikudanganya kila jioni ukiwa unanisamehe. Naomba radhi.

Mashine imenyamaza sasa, vijana wanaosha mikono kisimani. Kesho ni Ijumaa na hawaji mpaka baada ya sala. Kipande cha mchanga kilichosalia ni kidogo, kuanzia mwarobaini hadi mlangoni kwa mama, lakini kinanitosha. Nimeshautoa ufagio wake nyuma ya mlango. Nitafagia kinyumenyume, visigino vikigusa kizingiti nitaingia ndani, na sitageuka kuangalia mpaka jua lipite.

Mwenyezi Mungu akulaze pema, na aniwekee mahali karibu nanyi siku yangu ikifika. Uliniuliza kila jioni na kila jioni nilikujibu uongo. Najua huwezi kuuliza tena, basi najibu bila kuulizwa.

Lipo, Mjomba. Mlangoni kwa dada yako, jua lipo.

Ni mimi,
mtoto wa dada